Naomba ushauri: usahihishaji wa mitihani chuo kikuu Ujerumani

Wakuu, habari zenu, na shikamooni mlionitangulia.

Nina miezi minne Ujerumani, nafundisha Kiswahili chuoni. Mengine nimeyazoea: kipindi cha saa nne huanza saa nne na robo, na mwishoni wanafunzi hugonga meza kushukuru (siku ya kwanza nilidhani wananifukuza!). Kinachonikwamisha ni alama. Huku 1.0 ndiyo ya juu, 5.0 umefeli. Kwetu 70 tayari ni A, kwa hiyo mkono wangu mzito kutoa alama za juu, na wanafunzi wamelalamika. Mkuu wa idara nilipomuuliza alinijibu tu nitumie busara.

Mliofundisha huku, mlifanyaje mkalingana na wenzenu? Na nikimwomba mwenzangu tusahihishe pamoja karatasi chache, nitaonekana sijui kazi?