Mtu kamaliza bahati ya mwaka mzima kwangu afu anajigonga kichwa "akili hii"?? Wana Mtwara njooni hapa

Wakuu nimeshindwa kulala. Saa nane usiku hii mbu wa Chuno wananimaliza na mimi nimekaa kibarazani naona karata moja tu ya poka, mbili ya maua. Nikifumba macho mbili ya maua, nikifumbua mbili ya maua.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji na wala haina haja, ukisema "yule wa pikipiki yenye muziki" toka Shangani mpaka Mikindani wanakujibu huyo huyo. Ambaye akikopa vocha anakwambia nitalipa msimu wa korosho, msimu ukifika anakwambia nasubiri malipo ya pili. Huyo.

Basi jana tulikuwa na mashindano ya poka. Wa mikoani mtauliza poka imefikaje huku, jamani gesi ilipokuja ilikuja na watu wa kila aina, watu wakaondoka poka ikabaki. Watu 64, meza nane, kiingilio elfu tano, zawadi mbuzi na laki mbili, chipu zetu vifuniko vya soda. Mimi nilijiandaa, wiki mbili nzima nasoma. Nilikuwa natupa karata mbovu mpaka wa pembeni yangu akaniuliza kaka umekuja kucheza au kulinda meza. Nikavumilia, tukapungua tukapungua, tumebaki kumi na moja na mimi nina rundo la pili kwa ukubwa. La kwanza analo yeye, kwa kudra hizo hizo ntakazowaambia.

Nikachungulia karata zangu mbili za mkononi. Ree ya kopa, ree ya shupaza. Wakuu kuanza na ree mbili ni mara moja katika 221, we kaa uhesabu! Nikajikohoza kama mtu mwenye wasiwasi, nikasukuma chipu zangu zote. Wote wakatupa. Yeye hata karata zake hajaziangalia vizuri, kijiti cha pweza mdomoni, anasema "naona", yaani na yeye anaweka. Akafunua saba ya uru na mbili ya shupaza.

Saba na mbili, tena rangi tofauti. Wanaojua wanajua hakuna mkono mbovu wa kuanzia kuzidi huo. Watu wakacheka, mpaka mama anayeuza pweza akacheka na yeye poka haijui. Hapo mimi nashinda kama mara 88 katika 100.

Zikafunguliwa tatu za mezani, za wote: saba ya kopa, tisa ya shupaza, mfalme wa maua. Haya, kapata jozi ya saba, mimi bado ree zangu ziko juu. Ya nne ikaja nne ya uru, haimsaidii chochote. Imebaki ya mwisho kufunuliwa, karata 44 hatuzijui na za kumwokoa ni 5 tu, saba mbili na mbili tatu. TANO. Mimi nishaanza kupanga yule mbuzi namfunga wapi.

Mbili ya maua.

Sasa sikieni, kufungwa siyo tatizo, mimi ni mwanaume nimeshafungwa sana. Tatizo ni kwamba alisimama, akachukua kile kidole chenye pilipili na mafuta ya pweza, akajigonga nacho kichwani ko ko ko, akanitazama usoni akasema "Akili hii mzee. Wengine mnabahatisha."

MNABAHATISHA. Mimi! Mbele ya shemeji yangu! Mbele ya mwanangu wa darasa la tatu, ambaye tukirudi na bodaboda namwambia shika vizuri utaanguka na yeye akajigonga kichwa akasema akili hii baba. Nimezaa mwenyewe nimesomesha mwenyewe.

Angesema Mungu kanijalia ningempa mkono. Angesema kaka samahani karata zimenipenda ningemnunulia soda. Lakini kidole! Ni sawa na mtu kapeleka korosho zina mawe na unyevu zikapita kwa bahati mbaya daraja la kwanza afu anaitisha kikao kuwafundisha wenzie kuanika. Ko ko ko. Na pilipili inamchuruzika kwenye paji la uso hata haifuti.

Na mashindano kashinda yeye. Mbuzi kafungwa kwenye pikipiki anazungushwa mjini kama kombe. Mnaosema poka ni akili njooni mnieleze hiyo mbili ilitoka na akili gani, mnaosema ni bahati njooni mnieleze kwa nini kwangu haiji. Ila tuanze na kile kidole.

Kuchele_Orijino: Siti ya mbele na bisi zangu. Nani mwingine aniongezee chumvi.

Bodaboda_wa_Ligula: Mkuu mimi nilikuwepo. Umesahau kuandika kwamba ulilia.

Mleta uzi: Sikulia. Pilipili iliniingia machoni.

Bodaboda_wa_Ligula: Pilipili ilikuwa kichwani kwake mkuu.

Kuchele_Orijino: Hahahahaaa nimemwaga bisi

Mhasibu_Mstaafu: Mdogo wangu tulia. Mwaka 2003 mhasibu mwenzangu wa Tennessee anaitwa Chris Moneymaker, na hilo ni jina la kwao kabisa hajajipachika, aliingia yale mashindano makubwa ya Las Vegas ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, yeye alianzia mchezo wa intaneti wa dola 86. Walikuwa wachezaji 839 na akabeba dola milioni 2.5. Njiani akamtoa Phil Ivey, Phil Ivey fundi wa mafundi, karata ya nne imempa tisa tatu na bibi wawili, tayari kamaliza kazi, ya mwisho ikaja ree Moneymaker akamzidi. Ivey akatoka wa 10 na hakukaa kibarazani na mbu.

Mleta uzi: Ivey hakugongewa kidole.

Kete64: Ndo maana sisi wa bao tunawacheka. Kete 64, mashimo 32, kila kitu kiko wazi mbele ya macho yako. Hakuna cha mbili ya maua. Ukifungwa umefungwa wewe na ubongo wako.

Pweza_Mkavu: Mzee wangu bao lenu mnaanza alasiri mpaka mmalize mke kashalala na ugali kaupa kuku.

DadaWaMikindani: Nyie mnabishana kidole wakati jibu liko kwenye idadi ya watu. Stu Ungar alichukua yale ya Las Vegas 1980 na 1981 mfululizo, lakini mwaka wa kwanza walikuwa watu 73 na wa pili 75. Akarudi kuchukua tena 1997. Johnny Chan kachukua 1987 na 1988, toka hapo mpaka leo hakuna aliyechukua miaka miwili mfululizo, na mwaka 2023 walijiandikisha 10,043. Siyo kwamba mafundi wamekufa. Watu wakiwa wengi hivo huwezi kufika mwisho bila kusukuma zote mara kadhaa, na hata kila mara uwe na hizo 88 katika 100 zako, kuvuka mara tano mfululizo unabakiwa na kama 53 tu, yaani ni kurusha shilingi. Fundi unamjua kwenye mechi mia, humjui kwenye usiku mmoja wa mbuzi.

Bodaboda_wa_Ligula: Dada umeongea kama mwalimu. Umeolewa?

DadaWaMikindani: Nimeolewa. Mume wangu alikuwepo jana, alitoka wa kwanza kabisa, kiti hakijapata joto.

Mleta uzi: Dada nakuheshimu na hesabu nimezielewa, ila hujajibu. Kama ni shilingi imerushwa, kwa nini anajigonga KICHWA? Si angejigonga mfukoni?

Mzee_wa_Sheria: New York 2012 hakimu mmoja alikaa akapima, akaandika kwamba poka ni akili zaidi kuliko bahati. 2013 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi wake. Sasa majaji wa Marekani wanatenguana, we wa Chuno na mbu wako unataka uhukumu kabla ya alfajiri.

Pweza_Mkavu: Na mbili muiheshimu. Doyle Brunson 1976 na 1977 miaka yote miwili kachukua ubingwa wa Las Vegas kwa karata ya kumi na karata ya mbili mkononi, mpaka leo mkono huo unaitwa kwa jina lake. Saba na mbili ya huyu ndugu yetu nayo tuiite jina.

Kuchele_Orijino: Tuiite Kidole.

Bodaboda_wa_Ligula: Kidole imepita bila kupingwa.

Mleta uzi: Nyie siyo watu wazuri.

LindiNdoBaba: Lindi hapa. Yaani Mtwara nzima, na bandari, na gesi, mnagombania mbuzi mmoja? Afu mnataka kuongelea bahati, bahati mbaya njooni niwaonyeshe mimi. Sabuni moja ya unga nimeinunua miaka sita nakata vikuponi natumbukiza kwenye boksi, mdogo wangu kaja likizo toka Nachingwea kanunua pakiti moja ndogo kashinda friji. Na kijijini kwao hawana umeme, analiwekea nguo.

Kete64: Afadhali yako. Mimi jirani anapika ming'oko kila jioni upepo unaleta harufu kwangu, mwaka wa tatu huu sijaonjeshwa hata kamoja.

LindiNdoBaba: Ming'oko mnayokula huko siku hizi ni ya kuloweka mapema, haina ladha. Njoo Lindi.

Pweza_Mkavu: Weee! Ming'oko ya Lindi? Ile ngumu kama mpini?

LindiNdoBaba: Ngumu ni meno yako.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu mzima, kidole, pilipili, mbele ya mtoto.

Kamati_Misiba_Magomeni: Samahani wakuu naingilia. Viti vya plastiki vya bluu vilivyoazimwa jana kwa ajili ya hayo mashindano vilitoka 64 vimerudi 57. Kesho saa nne tuna arobaini. Aliyenavyo arudishe.

DadaWaMikindani: Mume wangu alirudi mikono mitupu, nathibitisha. Kila alichoenda nacho kiliishia huko.

Kuchele_Orijino: Mleta uzi we ulitoka mapema una hasira, ulibeba nini kwenye bodaboda?

Mleta uzi: Kimoja. Mtoto alikuwa amesinzia nikamkalisha pale tukisubiri usafiri, ikawa hivyo. Narudisha asubuhi. Sasa kuhusu ile mbili

Bodaboda_wa_Ligula: Mtoto hakusinzia, mimi ndo niliwabeba. Alikuwa anajigonga kichwa njia nzima.

Kamati_Misiba_Magomeni: Bado sita.

Pweza_Mkavu: Vinne viko kwa mama wa pweza anapangia ndoo. Nimepita sasa hivi.

Kamati_Misiba_Magomeni: Ahsante. Bado viwili.

LindiNdoBaba: Kuiba viti vya msiba!! Mtwara kuchele.

Kuchele_Orijino: Kimoja nimekiona jioni nyuma ya ile pikipiki ya muziki, mbuzi kafungiwa hapo kakaa kama mkuu wa wilaya.

Mleta uzi: Mnaona sasa!! Si nimesema huyu mtu

Kamati_Misiba_Magomeni: Mbuzi simuulizii. Naulizia kiti.