Kesha la vipaza sauti mtaani: ni ushuhuda au kero?

Mlinda Mlango: Wapendwa, tujadiliane bila matusi. Kanuni za kelele za 2009 hapa Kenya zinataka sauti nje ya nyumba za makazi isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Kesha zetu zinaanza saa tatu. Utamshuhudiaje Kristo kwa jirani huku unavunja sheria inayolinda usingizi wake? Mimi nasema haiwezekani.

Tarumbeta: Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, Matendo 16, na wafungwa wakasikiliza. Baa zinapiga muziki hadi alfajiri, mbona hizo hamzijadili? Mnaona haya kujulikana kuwa mmeokoka, basi.

Fundi Mitambo: Paulo na Sila hawakuwa na honi mbili, zile spika za mdomo mpana, juu ya mlingoti. Mahali wazi, sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika inayotoa 100 ukiwa mita moja, mita 100 mbali bado inatoa karibu 60. Na honi ukiipandisha juu inarusha sauti kupita vichwa vya waliokaa. Wao hawasikii vizuri, mhubiri anadai aongezewe, ampu, yaani kikuza sauti, inazidiwa, maneno yanakwaruza. Anayelala mbali anapata kelele, aliyekuja kusikia Neno halipati. Weka spika ndogo nne, juu kidogo ya vichwa, ziwainamie wasikilizaji na ziipe mitaa mgongo. Punguza besi chini ya hezi 150, maana ndiyo inayopenya kuta. Ikifika saa mbili ingieni ndani, fungeni madirisha. Na tuseme ukweli: wanaonyoosha mikono kuokoka ni walewale kila krusedi, kila mkutano wa injili.

Tarumbeta: Walewale? Uliwahesabu? Ndugu, hapo umemgusa Roho Mtakatifu. Kaa na nyaya zako.

Mama Ufuatiliaji: Mtumishi, usimkasirikie Fundi. Kasoro iko kwenye kadi za kuwaandika wanaokuja mbele. Wito unatolewa saa nne usiku, watu sitini wako mbele, washauri ni watano. Kadi inajazwa gizani: "Maria, karibu na posho mill." Namba ya simu imekosa tarakimu moja. Kisha kadi zinalala kwenye mkoba wa katibu hadi Jumapili, na makanisa yaliyoandaa yanaanza kugombania nani achukue nani. Wiki mbili zinapita. Maria hajaonwa na mtu, krusedi ijayo ananyoosha mkono tena. Atafanya nini kingine?

Tarumbeta: Hilo la walewale bado sijalikubali.

Mama Ufuatiliaji: Basi tulipunguze. Mshauri mmoja kwa watu watano, taa kubwa mahali pa ushauri, na namba ipigwe palepale hadi simu iite. Swali la kwanza liwe: umekuja mbele kwa sababu gani? Mmoja anataka kuombewa ugonjwa, mwingine alirudi nyuma kiimani, mwingine ndiye anayetaka kuokoka leo. Ninyi mnawaandika wote "waongofu" na kutangaza hesabu jukwaani. Atembelewe ndani ya siku mbili, na yuleyule aliyeongea naye. Mwanamke aendewe na wanawake wawili. Ziara ya kwanza isizidi nusu saa, na isiguse habari ya sadaka.

Tarumbeta: Siku mbili! Nauli itoke wapi? Jukwaa na jenereta zimemaliza pesa.

Mama Ufuatiliaji: Nauli iandikwe kwenye bajeti kabla ya jenereta.

Mzee wa Ushirika: Wanangu, mnabishania vyombo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya 1937, haukubebwa na spika. Mtu aliungama kwa kutaja kitu chenyewe: jembe nililoiba, pesa niliyodhulumu. Kisha akakirudisha. Zakayo naye alisema mbele ya watu kwamba atalipa mara nne ya alichodhulumu. Utaratibu ni mwepisi kuujua, mgumu kuufanya. Orodhesha wanaokudai. Anza na uliyemkosea, kanisani baadaye. Nenda na ndugu mmoja awe shahidi. Kama huna cha kulipa, mpangane tarehe na kiasi, na usiende kumhubiria siku hiyo, maana ataona unanunua msamaha. Anayedaiwa dukani asishike maikrofoni mtaa huo.

Tarumbeta: Mzee, kwa heshima, deni limeingiaje hapa? Kama kuna mtu unayemlenga, mtaje.

Mzee wa Ushirika: Simlengi mtu, mwanangu. Soma Warumi 13:8.

Mlinda Mlango: Na sura hiyohiyo inaanza na kutii mamlaka. Ndilo swali nililouliza.

Tarumbeta: Deni si dhambi! Karo ya watoto ni deni, mkopo wa sacco ni deni. Mnataka wahubiri wawe matajiri peke yao?

Mzee wa Ushirika: Mkopo unaolipwa kwa tarehe mliyopatana sina neno nao. Nasema juu ya deni ambalo, ukimwona mwenye duka, unavuka barabara kumkwepa.

Fundi Mitambo: Mwenye duka huyo nyumba yake iko mita thelathini kutoka kwenye mlingoti. Hapo anapata desibeli 70, kutoka kwa mtu mwenye deni dukani kwake.

Tarumbeta: Nani amesema anadaiwa? Thibitisheni.