Ukurasa unaganda baada ya kuupanga upya msimbo wa JavaScript uliovurugwa

Mwanachama, Ngara
Habari zenu, wandugu. Chama chetu kina mfumo wa kutunza michango ambao tulitengenezewa na kijana aliyekwisha kuhama, na kompyuta iliyokuwa na msimbo asilia haipo tena. Kilichosalia ni faili moja ya JavaScript kwenye seva yetu, iliyofungashwa kwa webpack (programu inayounganisha faili nyingi za msimbo kuwa moja), na karibu kila jina ndani yake huanza na _0x. Mwishoni mwa faili sikukuta kiungo cha ramani ya chanzo, yaani faili inayoonyesha msimbo asilia ulivyokuwa. Niliipanga kwa Prettier, programu ya kupanga mistari ya msimbo, ili isomeke, lakini nilipoifungua kwenye kivinjari, ukurasa uliganda kabisa. Nimekosea wapi?

Fundi wa Kariobangi
Ndugu, hujakosea. Programu za kuvuruga msimbo ili usisomeke kirahisi huweza kupachika kinga, yaani fanksheni (kipande cha msimbo kinachofanya kazi fulani) inayosoma maandishi yake yenyewe na, ikikuta yamekatwa katika mistari mipya, huingia katika ulinganishaji wa herufi unaorefuka mpaka kivinjari kinakwama. Soma nakala uliyoipanga, lakini usiiendeshe kabla ya kuiondoa kinga hiyo.

Penye kazi hasa ni kwenye maneno, ambayo yamehamishiwa kwenye orodha moja na mahali pake pakaachwa namba. Tafuta orodha hiyo, yaani safu ndefu ya matini. Pamoja nayo ipo fanksheni fupi inayochota neno kwa namba, na nyingine inayoizungusha safu hiyo mpaka hesabu fulani ilingane. Ukianza kubadilisha namba kuwa maneno kabla safu haijazungushwa, kila neno litaangukia mahali pasipo pake, na utadhani msimbo wote hauna maana. Tumia programu ya webcrack: huendesha sehemu hizo tatu peke yake, hurudisha maneno yalikotoka, kisha hutenga kila moduli ya webpack, yaani kila kipande kilichounganishwa humo, katika faili yake.

Mwanachama, Ngara
Nashukuru sana. Moduli zimetoka, ila vigeu vingi (vihifadhi vya thamani ndani ya msimbo) bado havina majina yenye maana. Je, majina ya awali yatarudi?

Mwalimu, South B
Ya vigeu vya ndani hayatarudi, kwa kuwa hayamo tena katika faili. Majina ya sifa za data, hata hivyo, kwa kawaida huachwa yalivyo, maana kuyabadilisha ovyo kungekata maelewano na seva. Anzia hapo: tafuta anwani za seva, sifa kama "salio", na ujumbe ambao mwanachama huuona akikosea kiasi cha mchango. Fanksheni inayoonyesha ujumbe huo ipe jina, halafu iendee ile inayoiita, nayo uipe lake. Moduli za React na maktaba nyingine, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, usizipotezee muda. Matoleo safi ya maktaba hizo yanapatikana bure.

Na tafadhali, ukikuta ufunguo wa siri wa huduma ya malipo humo ndani, ubadilishe leo hii, kwa sababu kila aliyewahi kufungua ukurasa wenu ameshapewa nakala yake.