Tangawizi ya maua: muuza miche aachwe aiite dawa ya presha?

Wakuu, tujadili bila matusi.

Jumamosi nilikuwa kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo. Nilitaka ile tangawizi ya maua yenye vichala vinavyoning'inia, vitumba vyeupe ncha ya waridi, likichanua ndani njano na michirizi myekundu. Muuzaji akaniambia, "Dada, usipande tu. Chemsha majani, presha inashuka." Mche elfu tano. Ukitaka "wa dawa", elfu kumi. Akauchomoa safu ileile!

Hakulitunga. Mmea huo, Alpinia zerumbet, asili yake ni mashariki ya Asia, na Brazil watu hunywa chai ya majani yake kwa ajili ya presha. Ila pembeni yake palikuwa na Zingiber zerumbet, ua lake kama koni nyekundu. Ukilibinya linatoa ute ambao kule Hawaii watu walioshea nywele. Huo nao akauita tangawizi ya maua. Zerumbet mbili, mimea miwili. Bado ile nyekundu inayosimama wima kwenye mageti ya Masaki. Ukimwambia bibi akachemshe tangawizi ya maua, atachemsha ipi?

Mimi nasema auze maua. Akitaka kuuza dawa, aende akasajiliwe Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya 2002.

Mkulima wa Tegeta: Dada, unambania mwenzio riziki. Khulinjani, ile mizizi ya dawa, si ya ukoo huohuo wa tangawizi? Kariakoo inauzwa peupe, hakuna anayedai karatasi.

Mwanzisha mada: Khulinjani hulimwa ili itumiwe, kaka. Hii ya kitaluni, kijana alikuwa anaipulizia dawa ya wadudu, bomba mgongoni, mimi nimesimama pale. Ndiyo majani ya kuchemsha hayo?

Mkulima wa Tegeta: Hapo kwenye bomba umenishika. Lakini bibi yangu Mzaramo alitibu watu kwa majani miaka yote, wala hakuwa na cheti.

Mwanzisha mada: Bibi yako aliujua mti wake, alionyeshwa na mama yake. Huu wa Asia nani alimwonyesha?

Mama Mbagala: Mnabishana juu ya cheti, mimi yamenikuta. Mama mkwe alikunywa hiyo chai wiki tatu, vidonge akaviweka kabatini kwa sababu "dawa ya asili haichanganywi". Siku ya siku anasema kichwa kinapasuka, zahanati wakampima, 190 kwa 110. Sisemi chai ndiyo iliyomdhuru, kilichomponza ni kuacha vidonge. Na cheti kisingemsaidia, maana hata mwenye cheti angeweza kukaa kimya kuhusu vidonge. Muuzaji mmoja tu angesema "mama, usiache za hospitali," tusingefika huko.

Mkulima wa Tegeta: Pole sana mama. Mmea mliung'oa?

Mama Mbagala: Nani athubutu? Upo barazani, anaumwagilia mwenyewe. Vidonge namhesabia mimi kila asubuhi.