Kama kila kitu ni mashine, wakala anaangalia nini?

Mtoto wa Bandari: Wadau, chama kimeniomba niwe wakala wake kituoni, uchaguzi wa 2027, hapa Changamwe, Mombasa. Marafiki wananicheka: utakodolea sanduku macho kutwa nzima, na matokeo yanapikwa kwenye seva. Aliyewahi kuifanya kazi hii aniambie ukweli. Mtu wa kawaida kuna kitu anaona, au ni kukalia kiti tu?

Mama Zuhura: Mwanangu, mimi nilikuwa wakala Agosti 2022, shule moja ya msingi huku Kilifi. Mashine ya KIEMS haihesabu kura hata moja. Asubuhi inamtambua mpiga kura kwa kidole (bibi mmoja ilimkataa mara tatu, kusuka makuti kumemfuta alama), usiku inapiga picha Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, na kuituma Bomas, ukumbi wa kujumlisha kura za nchi nzima kule Nairobi. Hapo katikati ni karatasi na macho ya watu.

Kura za rais zilianza kuhesabiwa. Msimamizi anainua karatasi, anasoma jina, anatuonyesha mawakala. Mimi natia vistari kwenye daftari la binti yangu, vitano vitano. Kufika kwenye fomu, akaandika 168 kwa mgombea mmoja. Daftari langu linasema 186. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu turudie lile fungu." Alinuna, maana ilikuwa saa nane usiku na hakuna aliyekula. Tukarudia: 186. Akasahihisha, tukatia saini sote, ndipo picha ikapigwa. Ingepigwa kabla, mashine ingelifikisha kosa lile lile Nairobi, tena upesi sana.

Asubuhi nikarudi. Nakala iliyobandikwa mlangoni, kona moja washaichana watoto. Nikaipiga picha, nikalinganisha na ile ya kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi. Sawasawa.

Usitie saini fomu tupu, hata ukiambiwa ni kuokoa muda. Na jibebee chakula.

Mtoto wa Bandari: Ahsante mama. Sasa uchaguzi wa rais wa 2017 mambo yaliharibikia wapi, na karatasi zilikuwepo?

Mzee wa Vifungu: Njiani. Mshindi alitangazwa 11 Agosti kabla tume haijapata fomu zote. Mahakama ya Juu ikaamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, amri haikutekelezwa ipasavyo, na 1 Septemba uchaguzi ukafutwa, majaji 4 kwa 2. Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka mfumo ulio rahisi, unaothibitika, na wa wazi. Ndiyo maana 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, yeyote apakue.

Wajerumani walikaza zaidi. Kwao mashine za kampuni ya Nedap zilipokea na kuhesabu kura zenyewe, karatasi hamna, katika uchaguzi wa bunge wa 2005. Machi 2009 mahakama yao ya katiba ikasema hapana: mwananchi asiyejua kompyuta lazima aweze kuhakiki hatua muhimu za kura kwa macho yake.

Mama Zuhura: Hao mahakimu wangenipa kazi mimi na daftari langu! Lakini Mzee, fomu kuwekwa hadharani ni kitu kimoja, kujumlisha ni kingine. Wiki ile kila runinga ilikuwa na hesabu yake, kwa kuwa kila moja ilichukua fomu kwa mpangilio wake. Mimi na binti yangu tulijaribu kujumlisha wadi yetu kwa simu. Kituo cha kumi na tisa tukalala.

Mtoto wa Bandari, vaa ndala. Miguu huvimba.