MJADALA: Ukiweka ndoo ya saruji mbele ya nyumba, barabara ishakuwa yako?

Mwana Tudor
Jamani nalileta hili hapa kwa sababu nikinyamaza ntapasuka. Jana nimerudi kazini saa tatu usiku, nikazunguka mtaa wetu hapa Tudor, Mombasa, mara nne, hakuna pa kuweka gari hata pa kuegemeza baiskeli. Mwisho nikaona nafasi moja nzuri imekaa wazi, katikati pana ndoo ya rangi imejazwa saruji na kijiti kimesimikwa kama bendera. Hakuna geti, hakuna gereji, ni ukuta mtupu. Nikaisogeza ile ndoo pembeni kwa adabu, nikapaki. Asubuhi naamka tairi mbili hazina upepo. Hazikutobolewa, yaani mtu alichuchumaa pale akafinya valvu mpaka upepo ukaisha na roho yake ikatulia. Sasa swali langu, na naomba tusitoke nje ya mada: barabara ya mtaani ni ya nani? Na kaunti ikileta stika za wakaaji, kila nyumba gari moja, wageni walipie, mtaunga mkono au mtasema ni kodi nyingine?

Wakili wa Kibarazani
Rahisi sana hili. Soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kaunti. Imeandikwa barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na pakingi. Ndoo haikutajwa. Barabara ni ya umma, aliyefika kwanza ndo mwenyewe mpaka aondoke. Anayetaka nafasi ya peke yake anunue uwanja ajenge gereji.

Mama Raya
Hiyo ndoo ina kijiti cha fagio la kijani? Basi ni yangu na sina haya kusema. Upepo sikutoa mimi wallahi, lakini ndoo ni yangu. Nna mamangu mkwe anapelekwa kusafishwa figo mara mbili kwa wiki, miguu haimbebi, tunamtoa ndani kwa kiti mpaka mlangoni. Wataka nimbebe mpaka mtaa wa pili kwa sababu wewe umechoka na kazi?

Mwana Tudor
Pole kwa mgonjwa mama, Mungu ampe shifaa. Lakini ilikuwa saa tatu usiku. Kusafishwa figo saa tatu usiku?

Mama Raya
Mgonjwa hana saa mwanangu. Siku ukiuguza utajua.

Mwinyi wa Kibokoni
Nyinyi watu wa Tudor mwadeka. Sisi huku Mji wa Kale njia zilipimwa kwa punda na mkokoteni, gari likiingia kioo cha pembeni chakwaruza ukuta wa mtu. Gari twaliacha Makadara, twatembea na mifuko yetu na sukari yetu na mtoto kalala begani. Hakuna aliyekufa.

Dada wa Ganjoni
Mwinyi hakuna aliyekufa lakini kuna waliotolewa redio za gari huko mnakoyaacha, tuseme yote.

Chuma cha Japani
Mwagombana na magari hamjui yalikotoka. Mimi kazi yangu ni kuyatoa bandarini. Kule Japani tangu 1962 wana sheria, mjini huwezi kusajili gari mpaka upate karatasi ya polisi kuwa una mahali pa kulilaza, na pasizidi kilomita mbili kutoka kwako. Hapa twaangalia gari lisizidi miaka minane basi, likishuka melini litalala wapi hiyo ni siri ya Mola.

Dada wa Ganjoni
Aliyeongea sasa! Nyinyi wenye yadi ndo mmepanga magari mpaka njia ya waenda kwa miguu, mimi na mtoto mgongoni nashuka barabarani nipishane na tuktuk kwa sababu yako. Japani wanaruhusu hilo?

Chuma cha Japani
Mimi sina yadi, mimi natoa makaratasi tu. Msinichanganye na watu.

Fundi Ramani
Mnapigania ndoo na mwizi yuko ndani ya jengo. Hebu hesabuni. Palikuwa na nyumba moja ya chini, familia moja, gari moja au hata hakuna. Ikavunjwa, likapanda jengo la ghorofa nane, flati tatu kila ghorofa. Hizo ni familia ishirini na nne kwenye ploti ile ile na barabara ni ile ile aliyopita babu yako na baiskeli. Kwenye ramani, mimi hizi ramani nazichora, chini kabisa huwa ni pakingi, imepigwa mistari vizuri na namba. Jengo likiisha nenda uangalie hapo chini. Kinyozi, duka la simu, duka la madera. Mwenye jengo ashafanya hesabu, duka lalipa kodi na gari la mpangaji halilipi kitu. Sasa hata mtoe stika za dhahabu barabara haitapanuka.

Bi Madera
Wewe Fundi madera yamekukosea nini? Mimi niko hapo chini kwenye hiyo unayoita pakingi, nalipa kodi kila tarehe tano, nasomesha watoto watatu. Wateja wangu wengine ni wake zenu, waulizeni.

Fundi Ramani
Bi mkubwa sikukusema wewe, nimemsema mwenye jengo.

Bi Madera
Umetaja madera. Hukutaja suruali wala viatu. Umetaja madera.

Kijana wa Bondeni
😂😂 Fundi omba radhi yaishe

Nyali Kumetulia
Nasoma nacheka. Huku kwetu Nyali, ng'ambo ya daraja, kila mtu ana geti na uwanja, mambo ya ndoo twayasikia tu. Tatizo la watu wa kisiwani ni moja, mtu nyumba yenyewe imekaa juu ya kiwanja cha mwingine, kila mwezi alipa kodi ya kiwanja, halafu huyo huyo ndo ataka kumiliki na barabara.

Msena wa Majengo
Rudia hapo. Hebu rudia nisikie vizuri.

Nyali Kumetulia
Nimesema ukweli tu, si nyumba bila ardhi? Nani hajui?

Msena wa Majengo
Sasa sikiza na ukae kitako. Nyumba yetu kaijenga babu kwa udongo na boriti za mikoko kabla wewe hujajua Mombasa iko upande gani. Kuta ni zetu, paa letu, milango yetu, choo chetu, na chini yake ni ya mtu ambaye sisi hata sura yake hatuijui, twampelekea wakala wake pesa tu. Wajua imekuwaje? Waingereza walileta sheria yao ya hati za ardhi pwani, 1905 ama 1908 hapo, wakasema kila mwenye ardhi aje aandikishe. Babu zetu wengine hawakupata habari, wengine walipata wakaona kichekesho, mtu aandikishe kwa mgeni mahali alipozikwa babake? Wenye kujua kusoma waliandikisha, tena waliandikisha mpaka kisichokuwa chao. Kilichobaki kikaitwa cha mfalme. Sasa wewe waja hapa kunicheka kwa hilo, na tulikuwa twaongea habari ya pakingi.

Wakili wa Kibarazani
Ni 1908.

Msena wa Majengo
Shukran. 1908. Bado yauma vile vile.

Mzee wa Usukani
Na huyo wa Nyali ajue kwamba hiyo Nyali yenyewe ilikuwa shamba la mkonge. Mimi nimepita hapo utotoni na lile daraja la kuelea, hili la sasa limefunguliwa 1980. Hayo mageti mnayoringa nayo yamekuja juzi. Na yule anayekulindia geti mwambie akueleze yeye kwao ni wapi na kiwanja kina jina la nani.

Nyali Kumetulia
Mzee shikamoo, mimi nimenunua kihalali nina hati.

Mzee wa Usukani
Marahaba. Sijasema umeiba. Nimesema mkonge.

Dada wa Ganjoni
Swali la uaminifu. Anayelipa kodi ya kiwanja, mbele ya nyumba yake hapo panapobaki hatua mbili tatu mpaka lami, ni pa nani? Maana sisi tumepaweka kibaraza, na jirani kapaweka meza ya viazi karai, na gari la mtu halijawahi kusimama hapo miaka yote.

Mwana Tudor
Hili ndo swali langu la mwanzo jamani, tumelizunguka kama mimi nilivyouzunguka mtaa.

Kijana wa Bondeni
Tukianza na meza za viazi mimi najitoa. Yule mama akiondolewa pale jioni tutakula nini, stika?

Wakili wa Kibarazani
Sheria haichagui. Meza ikiwa juu ya barabara ni kizuizi kama ndoo tu.

Kijana wa Bondeni
Wakili wewe jana nimekuona hapo umesimama na kibakuli wamwagiwa ukwaju. Usitufanye vipofu.

Wakili wa Kibarazani
Nilikuwa napita.

Bi Madera
Upite na kibakuli mkononi?

Msena wa Majengo
Mimi bado sijamaliza na yule wa Nyali. Nauliza, Ijumaa saa saba ukija kuswali kisiwani gari lako unaliweka wapi? Si mbele ya mlango wetu sisi tusio na ardhi? Tena wapanga mistari miwili, mtu akitaka kumtoa mgonjwa asubiri mpaka imamu atoe salamu na nyinyi mmalize kusalimiana na kuulizana bei ya nazi. Ramadhani ndo usiseme, tarawehe yote mtaa umefungwa. Na sisi hatutoi upepo. Twawaachia. Twasema ni wageni wa Mungu.

Nyali Kumetulia
Hapo umenishika kidogo. Ijumaa hii ntakuja na bodaboda.

Msena wa Majengo
Njoo na gari. Lakini uje ubishe hodi useme ndugu naacha hapa, nikikuhitaji nikuite. Namba yako niwe nayo. Ndo hilo tu.

Mama Raya
Haya ndo mimi nilitaka. Huyu Mwana Tudor angebisha hodi saa tatu ile ningemwambia lala hapo mwanangu, kesho saa kumi na mbili unitolee. Ndoo ingeingia ndani. Lakini mtu aisogeza ndoo ya mtu kimya kimya kama jini.

Mwana Tudor
Mama mimi mpangaji, nimehamia mwezi wa tatu, ntabisha hodi kwa nani na mlango gani saa hizo nisiitiwe mwizi? Ndo maana nasema stika. Stika haina haja ya kujuana.

Mwinyi wa Kibokoni
Hapo sasa. Mtaa wa kujuana ndoo yatosha. Ghorofa nane nani amjue nani.

Fundi Ramani
Ndo nilichosema mimi tangu mwanzo.

Bi Madera
Wewe ulisema madera.

Dada wa Ganjoni
Stika naipinga. Watu ni wale wale, itauzwa. Mwenye jengo atachukua kumi, mwenye magari mawili atasema la pili ni la shemeji, na askari wa minyororo atakuja kukufunga gurudumu lako wewe mwenye stika kwa sababu imepinda kidogo kwenye kioo. Mimi nishafungwa mbele ya nyumba yangu mwenyewe, nimeshuka kuchukua dawa ya mtoto tu, kurudi pingu. Sitaki kusikia.

Mzee wa Usukani
Ulilipa?

Dada wa Ganjoni
Nililia. Halafu nikalipa.

Mama Raya
Samahanini nakatiza. Nimetoka nje sasa hivi. Ndoo haipo. Na mahali pake pamepakiwa gari silijui.

Mwana Tudor
Si mimi! Mimi langu bado liko kwa fundi wa tairi.

Mama Raya
Jeupe, lina makaratasi mengi kwenye dashibodi na miwani ya kusomea.

Kijana wa Bondeni
Makaratasi mengi?

Bi Madera
Ngojeni ngojeni. Wakili kanyamaza.

Wakili wa Kibarazani
Mama shikamoo. Ndoo iko salama kibarazani kwako, nimeigeuza isijae maji. Nakuja kulitoa, nipe dakika kumi, niko kwenye foleni hapa na karai ndo linaepuliwa.