MREJESHO: Mtoto wa jirani yangu Mkongomani amechanjwa

Wapendwa, niliwauliza kuhusu jirani yangu huku Kayole, Nairobi, mama mkimbizi kutoka Goma, aliyekataliwa kliniki na mtoto wake wa mwaka mmoja kwa kukosa kitambulisho na kadi ya chanjo. Karatasi zote zilibaki nyuma walipokimbia vita.

Asanteni sana, mtoto amechanjwa!

Tulimfuata mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, kama dada mmoja alivyoshauri, naye akatupeleka kituo kingine cha serikali. Muuguzi pale hakuuliza uraia. Alishika mkono wa kushoto wa mtoto, akatafuta kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu), akaliona, akasema hiyo anayo. Nyingine, kwa kuwa hakuna maandishi, akazianza upya: matone ya polio, pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano), nimonia, na surua-rubella ambayo hapa Kenya hutolewa kwanza mtoto akiwa na miezi 9. Tutarudi baada ya wiki 4. Hatukulipa hata shilingi. Amepewa kijitabu kipya cha kliniki chenye jina lake, na mamake hakiachi mkononi.

Kinachoniuma ni hiki: Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Kila mtoto, si wa Mkenya tu. Mbona basi kukataliwa mlangoni?

Kusajiliwa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, bado. Karatasi za ukimbizi za mama hazijatoka, na mtoto akishikwa na homa dawa tunachangishana majirani. Aliyefanikiwa kusajili familia ya mkimbizi anielekeze, tafadhali.